Shukrani Zimezidi Mistari Minne

Kurasa mbili! Jamani, kurasa mbili tu, tena moja haina hata herufi, ndizo zimenikosesha ugali wangu wa leo.

Ilikuwa saa saba mchana, ile saa yetu moja ya mapumziko mnayoijua: dakika ishirini za foleni ya chakula, kumi za kutafuta kiti. Nimeshanawa. Simu ikaita. Fundi anayenipangia kurasa.

"Mwandishi, shikamoo."

Tumelingana umri. Fundi wa rika lako akikuamkia shikamoo, ujue kuna hela inatafutwa.

"Marahaba. Sema."

"Kitabu kimenenepa. Sasa ni kurasa 146."

"Si tulifunga 144?"

"Tulifunga. Ila jana ukaniletea shukrani mpya."

Nikajikohoza kama mwenyekiti wa kikao, kitambulisho cha kazi kikining'inia shingoni, nikamwambia kwa sauti ya hekima kwamba kurasa mbili ni karatasi moja, mbele na nyuma. Achomeke.

Akacheka mpaka nikasikia wenzake nao wanacheka.

Mashine ya kiwandani, alinieleza kwa upole wa mwalimu wa chekechea, haichapi ukurasa mmoja mmoja kama printa ya ofisini kwenu. Inachapa karatasi kubwa: kurasa 8 upande huu, 8 upande ule. Inakunjwa mara tatu, inakatwa kingo, unapata kurasa 16 zilizofuatana. Kurasa 144 ni karatasi kubwa 9, hakuna kinachobaki. Ukifika 146 umeingia karatasi ya 10. Hapo unaongeza pleti mbili, yale mabamba ya kuchapia, na kwa nakala zako 500 unaongeza karatasi kubwa 500, yaani rimu nzima, ili uchape kurasa mbili na 14 zibaki nyeupe.

"Zile 14 tunaweza kukuwekea kalenda," akasema.

"Kalenda?"

"Ya mwakani. Watu wanapenda."

Hadithi fupi kumi na mbili, miaka sita ya kuandika alfajiri kabla ya daladala, halafu nyuma kalenda kama ya duka la vifaa vya ujenzi. Ugali ukaanza kupoa.

Sasa, mistari minne inazaaje kurasa mbili? Hesabu yenyewe hii. Ukurasa wa 1 ni jina la kitabu, wa 2 haki za mwandishi, wa 3 tabaruku (jina la uliyemtunukia kitabu), wa 4 mtupu, wa 5 yaliyomo, wa 6 shukrani, na hadithi ya kwanza inaanzia wa 7, mkono wa kulia, kwa heshima zake. Shukrani zangu zikamwagikia wa 7. Mistari minne! Hadithi ikakosa kiti, ikarukia wa 9, maana wa 8 ni mkono wa kushoto. Wa 8 ukabaki mweupe, haumshukuru mtu yeyote.

"Tupunguze herufi," nikasema. "Shukrani ziwe pointi 8."

"Pointi 8 ni za karatasi ya bima, Mwandishi. Watu watadhani unaficha kitu. Tupunguze watu." Akaanza kunisomea majina, na kwa mwangwi ule nahisi alikuwa ameweka spika. "Huyu shemeji wa Kibaha alifanya nini?"

"Alikuwa anauliza kitabu kimefikia wapi."

"Hilo hata mimi nakuuliza, na humu simo. Mwenye nyumba?"

"Alinivumilia."

"Kodi?"

"Endelea."

"Huyu bosi wako amekula mistari mitatu mwenyewe."

Ni kweli. Nimeandika cheo chake chote, pamoja na lile neno "Mwandamizi". Alinipa ruhusa ya nusu siku nikafuatilie kitabu, halafu akaikata kwenye likizo yangu ya mwaka. Lakini mtamtoaje mtu ambaye kila Jumatatu anapita mezani kwako anauliza, "Mimi umeniweka ukurasa wa ngapi?"

"Mtoe bosi na mwenye nyumba," fundi akasema, "yote yanaisha."

Nikamwambia bosi hatoki. Mwenye nyumba hatoki. Shemeji naye ana mdomo. Mwandishi mwenye msimamo angekata shukrani, mimi nikaamua kukata hadithi. Wahusika wangu hawajui ninapolala.

Kukata kwenyewe kuna ufundi, na anayetaka aandike. Kila hadithi inaanza ukurasa mpya, mkono wowote. Usidai zote zianze kulia, utajaza kitabu kurasa tupu. Kwa hiyo hadithi ikivuka ukurasa kwa mistari miwili imekula ukurasa mzima. Yangu ya nne inavuka kwa mistari miwili, ya tisa kwa mitatu. Nikipata mistari mitano, kurasa mbili zimerudi. Huna haja ya kufuta sentensi nzuri. Tafuta aya ambayo mstari wake wa mwisho una neno moja tu limelala peke yake: "sana", "basi", "hivyo". Panda juu kwenye aya hiyohiyo, futa "kwa kweli" moja au "kabisa" moja, lile neno linapanda na mstari umeokoka. Nimegundua katika hadithi ya tisa nimeandika "kwa kweli" mara kumi na moja. Mhusika anadanganya mwanzo mpaka mwisho.

Ila ukifuta, maneno yanasogea, na yakisogea programu inayakata upya mwisho wa mstari. Programu inakata Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza usipoizuia. Inaleta "nyum-ba" badala ya "nyu-mba", "ki-tam-baa" badala ya "ki-ta-mbaa". Mwambie fundi auzime ukataji huo kabisa au akate kwa mkono. Na hadithi ya nne ikipungua ukurasa, zote zinazofuata zinahama namba, yaliyomo yanabaki yanadanganya. Hayo hurekebishwa mwisho kabisa, na kila mtu huyasahau mwisho kabisa.

Ugali nimeurudisha jikoni. Mama ntilie ameniuliza kama naumwa.

Na hapo sijataja jalada. Mpwa wangu kalichora vizuri, akalituma WhatsApp kama picha, likakondeana njiani. Jalada la mbele la A5 linataka pikseli 1748 kwa 2480, na milimita 3 za ziada kila ukingo unaokatwa. Basi litume kama dokumenti, jamani, siyo kama picha ya birthday. Bluu yake ya kwenye skrini usiililie ikitoka tofauti, skrini inachanganya mwanga na mashine inachanganya wino.

Mgongo wa kitabu nao: kurasa 144 ni karatasi 72, ya gramu 80 ina unene wa kama milimita 0.1, hivyo mgongo ni milimita 7 na kidogo. Mpwa aliweka 15. Anasema kitabu kinene kinaheshimika.

Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, huombwa Bodi ya Huduma za Maktaba, na ina tarakimu 13. Ukiinakili kwa mkono ihakiki: zidisha kwa 1, 3, 1, 3 mpaka mwisho, jumla igawanyike kwa 10. Yangu ilikataa mara mbili, kumbe 6 yangu inafanana na 0.

Kubwa kuliko hilo ni Mzee Juma. Ukiandika hadithi kumi na mbili kwa miaka sita, huku ukilala saa sita na kuamka saa kumi, kila mzee anayekujia kichwani anaitwa Mzee Juma. Ninao wanne. Mmoja amezikwa hadithi ya pili, hadithi ya tano yuko feri anapatana bei ya samaki changu. Andika majina yote kwenye karatasi moja, jina kushoto, namba ya hadithi kulia, utashangaa. Fanya hivyo na saa pia. Hadithi nilizoandikia ofisini zina "saa 20:00", za nyumbani zina "saa mbili usiku", na kuna mwanamke kaondoka saa mbili akafika saa 20:00, msomaji atadhani kasafiri kutwa nzima kumbe kavuka barabara.

Prufu, ile nakala ya kuhakiki kabla ya kuchapa, isome kwenye karatasi, kwenye skrini jicho linajisomea linachotaka. Nilitaka kuitoa kwenye printa ya ofisini, kurasa mbili kwa kila karatasi, lakini dada wa uhasibu ameanza kuhesabu rimu.

Kwa hiyo ni usiku, nimekaa kuwinda mistari mitano. Nimepata mitatu. Na umeme wa LUKU umebaki yuniti mbili, kwa sababu mita tunachangia na jirani, na jirani ana friji la kuuzia barafu. Analipa sawa na mimi mwenye taa mbili na kompyuta! Nimekwenda kulalamika kwa mwenye nyumba, kaniambia friji halili umeme usiku, linakuwa limelala. Limelala! Nalisikia linanguruma hapa ukutani. Na huyu yumo kwenye shukrani, mstari mzima, "mlezi na mvumilivu".

Mstari mzima... Ngoja nimpigie fundi.