Majina Kwenye Karatasi ya Barua Hayapandi Mlima

Chukua barua ya shirika lolote dogo lisilo la faida hapa Kenya, uitazame pembeni, upande wa kushoto. Utakuta safu ya majina: profesa, mchungaji, mbunge wa zamani, pengine balozi mstaafu. Hilo ndilo baraza la washauri. Muulize mkurugenzi mara ya mwisho walishauri nini, atakohoa kidogo, kisha atakuambia walihudhuria uzinduzi na chakula kilikuwa kizuri.

Shirika linalogawa miche linaweza kuishi hivyo miaka mingi na miche ikaota. Shule inayochukua watoto wa watu na kuwalaza kwenye mahema mlimani ni jambo lingine. Huko ushauri mbaya, au ushauri usiotolewa, unamrudisha mtoto nyumbani kwa machela. Ndiyo maana naona shule hizi zingeanza kwa kufuta nusu ya majina yale, halafu zitafute watu wa kujitolea ambao watafanya kazi moja tu: kuuliza maswali yanayoudhi, na kurudi kuuliza tena.

Wazo la shule za namna hii lenyewe lilitokana na swali la mtu wa nje. Lawrence Holt hakuwa mwalimu wala mpanda milima. Alikuwa na kampuni ya meli Uingereza wakati wa Vita vya Pili, na kilichomkosesha usingizi ni kwamba meli ikizamishwa na torpedo, mabaharia vijana wenye nguvu walikufa kwenye mashua za kuokolea huku wazee wakinusurika. Alilipeleka swali hilo kwa Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani aliyekuwa amekimbia utawala wa Hitler, na mwaka 1941 wakafungua shule ya Outward Bound huko Aberdovey, Wales. Kufikia miaka ya 1950 wazo hilo lilikuwa limefika Loitokitok, chini ya Kilimanjaro upande wetu, na vijana wengi wa Afrika Mashariki wakapitishwa pale.

Marekani nako, Paul Petzoldt, aliyekuwa kwenye msafara wa Wamarekani wa K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, mwaka 1938, alianzisha NOLS, shule ya kufundisha uongozi porini, mwaka 1965 huko Lander, Wyoming. Nayo haiko kwa ajili ya faida, na ilifika kwetu ikaendesha kozi zake Kenya kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1970. Ina bodi ya wadhamini, na kando yake baraza la washauri wa kujitolea. Ninachoipendea zaidi ni kitu kisichovutia hata kidogo: tangu mwaka 1984 wanaandika majeraha, magonjwa na ajali zilizokaribia kutokea kwenye kozi zao, kwa mpangilio uleule mwaka hadi mwaka. Mshauri akikaa mezani ana cha kusoma. Shule nyingi za kwetu zinamkaribisha mshauri kwa chai, mandazi na video ya watoto wakiimba juu ya mwamba.

Nasaidia shule moja ndogo upande wa Naro Moru, chini ya Mlima Kenya, na huko nimeona kazi hii ikifanyika inavyotakiwa. Aliyeifanya ni muuguzi mstaafu tunayemwita Sista. Alipoalikwa kuwa mshauri hakuuliza posho ya kikao wala jina lake litaandikwa wapi. Aliuliza, "Mna daftari la matukio?" Akaletewa daftari la jalada gumu, limelowa pembeni, lenye mwandiko wa walimu mbalimbali. Mvulana, miaka 14, katapika mara mbili. Msichana, kichwa, kalala bila kula. Mvulana, tumbo, karudishwa asubuhi. Akavaa miwani, akatoa kalamu nyekundu, na kwa kila mstari akamuuliza mwalimu: huyu ilikuwa wapi? Na huyu? Kambi ya Mackinder. Mackinder. Mackinder tena. Shule ilikuwa na maelezo yake: maharagwe hayakuiva. Mpishi alikuwa ameshabadilishwa kwa sababu hiyo.

Anayeujua Mlima Kenya ameshaelewa. Kwa njia ya Naro Moru unalala kambi ya Met Station, mita 3,050, na kesho yake unapita kinamasi hadi Mackinder, karibu mita 4,200. Ili kuepuka ugonjwa wa mwinuko, unaoleta kichwa kuuma na kutapika, madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku. Watoto walikuwa wanapandishwa zaidi ya mara mbili ya hapo kwa siku moja, ili kesho yake wafike kilele cha Lenana, mita 4,985, wapige picha. Hakukuwa na kasoro kwenye maharagwe, isipokuwa labda kwamba juu kule yanachelewa kuiva.

Mkurugenzi, kijana mwenye bidii, alijaribu kujitetea. "Lakini Sista, watoto wanataka Lenana."

"Mwanangu, wanaotaka Lenana ni wazazi wao."

Wakakubaliana usiku wa pili Met Station, na mchana kupanda hadi juu ya msitu na kurudi kulala chini. Darasa la wadogo haliendi Mackinder kabisa. Linaishia kwenye kinamasi, linajifunza ramani, mito na kupika. Kuna wazazi walilalamika, na mmoja alidai arudishiwe pesa. Sista akasema wapewe namba yake ya simu, wampigie yeye. Hapo ndipo nilipomtofautisha na mgeni rasmi: alibeba lawama ya ushauri wake.

Kuna wanaosema mtu wa namna hiyo apewe kiti kwenye bodi, awe na kura. Mimi sikubali. Mwanabodi anabanwa na mengi: hesabu, mishahara, mfadhili anayetaka ripoti kabla ya mwisho wa mwezi, na sheria mpya ya mashirika ya manufaa kwa umma, ile iliyopitishwa 2013 ikaanza kutumika Mei 2024. Akiona kozi ina hatari, anaona pia kwamba kuifuta kutaacha pengo kwenye bajeti, na bila kukusudia anaanza kuiona hatari kuwa ndogo. Mshauri hana mzigo huo. Anasema, anaandika, anaondoka, na bodi inabaki na maandishi yake mezani. Wakiyapuuza, wameyapuuza wao. Isitoshe, kura huleta siasa, na siasa za bodi hazimheshimu hata mwanzilishi: Petzoldt mwenyewe aliachana na NOLS katikati ya miaka ya 1970 baada ya kukosana nayo, na baadaye akaanzisha chama kingine.

Lakini uhuru huo una sharti, na sharti ni kupanda. Simaanishi kileleni. Mshauri wa fedha ambaye hajawahi kulala usiku mmoja kwenye hema la shule ataona mifuko ya kulalia ya zamani bado ni mali nzuri, kwa sababu kwenye vitabu vya hesabu bado ina thamani. Alale ndani yake usiku wa Julai, halafu tuongee.

Yuko pia mshauri ambaye hatumwiti kwa jina hilo kabisa. Kikao cha Sista kilipokuwa kikiendelea, mzee mmoja alikuwa nje anakagua kamba za mahema. Amebeba mizigo mlima ule tangu ujana wake. Shule ilikuwa imeweka kozi kubwa ya mwaka kwenye likizo ya Aprili, kwa sababu ndiyo likizo iliyokuwa wazi. Mtu fulani alipata akili ya kumwita ndani. "Mzee, Aprili unaionaje?"

"Mwalimu, Aprili kile kinamasi kinavua watu mabuti," akajibu. "Na mkirudi jioni, vijito mlivyovuka asubuhi si vile tena. Leteni watoto Agosti."

Mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei. Jambo hilo liko kwenye kila kitabu cha jiografia cha shule ya msingi. Hata hivyo profesa wawili walikuwa wameipitisha ratiba ile. Sitaki kuwadharau profesa, tunawahitaji. Nasema tu kwamba mzee yule alikuwa anajua mto gani hasa, na saa ngapi, na kwamba hajawahi kuandikwa kwenye barua ya shirika lolote. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na tumeishika sana nusu ya kwanza. Mfadhili akileta mshauri kutoka ng'ambo tunamtandikia zulia. Mwenyeji anayejua njia tunampa mzigo abebe.

Mambo ya msitu ni hayohayo. Vijiji vilivyo mpakani vina vyama vyao vya jamii vya kusimamia msitu pamoja na serikali, na shule isiyokuwa na hata mtu mmoja wa vyama hivyo kati ya washauri wake itajikuta ikigombania kuni na maji na watu ambao watoto wao hawajawahi kuingia langoni mwa hifadhi. Kwangu hilo ni aibu kubwa kuliko vifaa chakavu: mtoto wa Nairobi anafika Lenana, mtoto wa Naro Moru anauona mlima kila asubuhi akienda shule na hajaukanyaga. Mshauri wa kijijini angeuliza habari ya nafasi za bure siku ya kwanza.

Limebaki suala la pesa. Kujitolea ni kujitolea, tunaambiwa, kwa hiyo hakuna atakayelipwa chochote. Kwa mtu mwenye pensheni na gari, sawa. Kwa mpagazi, siku ya kikao ni siku ya kazi iliyopotea, na msimu wenyewe ni mfupi. Ukimwambia aje bure, umeshaamua kwamba washauri wako wote watakuwa watu wa mjini. Kwa hiyo napendekeza shule zifute posho ya kikao kwa wanaoweza kuishi bila hiyo, na zimlipe mzee nauli yake na ujira wa siku yake kamili, kwa risiti, bila kuuita ufadhili. Anayejiona ameonewa kwa hesabu hiyo anaweza kujiondoa, na karatasi ya barua itapata nafasi zaidi ya maandishi.