Nikeli ya Vita na Shilingi ya Simba

Nina miaka tisa nikifanya kazi ya keshia katika duka la vyakula huku Marekani, na kila jioni, ninapohesabu chenji, huzitazama sarafu za senti tano moja moja. Mwezi uliopita niliona moja yenye rangi ya majivu iliyokolea kuliko wenzake, na upande wa nyuma, juu ya Monticello, nyumba ya Rais Thomas Jefferson, palikuwa na herufi P kubwa. Ilikuwa ya mwaka 1943. Nilitia senti tano zangu kwenye droo, nikaichukua.

Wamarekani huiita sarafu hii nikeli, ingawa nikeli iliyomo ni robo tu na robo tatu ni shaba. Mchanganyiko huo ulianza mwaka 1866, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuwafanya watu wazifiche majumbani sarafu za madini ya fedha, na serikali ikahitaji sarafu ambayo hakuna mtu angepata faida kwa kuificha. Tangu hapo picha zimebadilika, kuanzia ngao hadi nyati wa mwaka 1913 na Jefferson wa mwaka 1938, lakini uzito umebaki gramu 5. Ni wakati wa Vita Kuu ya Pili tu, nikeli ilipohitajika jeshini, ndipo sarafu za mwishoni mwa 1942 hadi 1945 zilipotengenezwa kwa shaba asilimia 56, fedha 35 na manganizi 9. Herufi ile kubwa iliwekwa ili zitambulike kwa urahisi.

Fedha iliyomo haifiki hata gramu 2. Kinachonigusa ni kwamba mteja aliitumia kulipia mkate, baada ya miaka zaidi ya 80, na bado ilikuwa pesa halali. Kiswahili chetu huita madini hayo na pesa yenyewe kwa neno moja, fedha, lakini kwetu vitu hivyo viwili viliachana mapema. Shilingi ya Afrika Mashariki, ile yenye simba, ilikuwa na robo ya fedha tangu mwaka 1921. Ilipofika 1948 ikawa ya shaba na nikeli. Baada ya uhuru Tanzania ikatoa sumni, yaani senti hamsini, yenye picha ya sungura, nayo ya shaba na nikeli, kisha ikaja ya chuma kilichovikwa nikeli, ambayo hunasa kwenye sumaku. Leo hakuna duka litakaloipokea hata moja kati ya hizo.

Najua kwamba mfumuko wa bei ndio uliozimaliza, wala Marekani haikusalimika: mwaka 2024 kutengeneza nikeli moja kuligharimu karibu senti 14, na tangu 2006 ni kosa kuziyeyusha kwa faida. Hata hivyo naona tumepoteza jambo kubwa, kwa sababu mtoto wa huku huikuta historia ya nchi yake katika chenji ya mkate, ilhali wapwa zangu Morogoro hawajapata kuishika sumni.

Nyumbani kwetu imebaki shilingi moja ya simba, ya mwaka 1924. Ilisalimika kwa sababu bibi aliitoboa akaivaa shingoni. Nilipompigia mama simu kumweleza habari ya nikeli yangu, aliniomba niipeleke nikienda likizo, lakini isitobolewe.