Krismasi Uchagani: kuhesabiwa bila kuonekana

Kila Desemba utani ule ule hurudi: Wachagga wanakwenda kuhesabiwa, yaani wanarudi kwao Kilimanjaro kwa sikukuu. Tiketi za basi kutoka Dar es Salaam hadi Moshi huanza kugombaniwa, treni ya abiria iliyorejeshwa njia ya kaskazini Desemba 2019 hupata wateja wake, na magari madogo hufuatana kilomita 550 hivi kupitia Segera na Same. Utani huo hauwataji wanaohesabiwa kweli, halafu wakakaa siku sita katikati ya ndugu arobaini wakiwa wapweke kuliko walivyokuwa kwenye chumba chao cha kupanga Sinza. Baadhi yao sasa wanabaki mjini. Ukoo unasema wanajitenga, wameota mapembe. Wao wanasema wanapumzika.

Pande zote mbili hulichukulia jambo hili kama suala la tabia: huyu mcheshi, yule mkimya. Tabia imo, lakini si kubwa kama inavyodhaniwa. Ukichunguza ni nani hasa anayepotea katika mkusanyiko, utakuta mara nyingi ni mtu ambaye nyumba yenyewe haina nafasi yake.

Anza na kihamba, shamba la migomba la familia lenye nyumba ndani yake. Kwa desturi, kitindamimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, na mtoto wa kwanza wa kiume hutafutiwa eneo lake. Wa katikati hujitafutia. Huyu wa katikati akirudi Desemba bila kuwa amejenga, anafikia kwa mdogo wake, analala sebuleni na wapwa, na kila anachogusa anaomba kwanza. Ni mgeni pale alipozaliwa. Dada aliyeachika yuko kwenye hali kama hiyo, pengine mbaya zaidi, kwa sababu Krismasi ya mwanamke aliyeolewa huhesabiwa kwa mumewe na yeye hana kwa mume.

Halafu kuna lugha. Kichagga cha Rombo na cha Machame havisikilizani vizuri, kwa hiyo hata mke Mchagga aliyevuka mito michache anaweza kukaa jikoni kwa muda wa saa kumi akiambulia neno moja moja. Mke aliyetoka Mbeya au Tanga haambulii hata hilo. Watoto waliokulia mjini hucheka baada ya wenzao kucheka. Hakuna anayewabagua kwa makusudi. Watu wanazungumza tu lugha yao nyumbani kwao.

Mwanasosholojia Robert Weiss, mwaka 1973, alitenganisha upweke wa aina mbili: wa kukosa kundi la kuwa mmoja wao, na wa kukosa mtu mmoja wa karibu. Alisisitiza kwamba kimoja hakizibi pengo la kingine. Kwa Desemba ya Kilimanjaro hilo linaeleza mengi. Kundi lipo tele: misa, mbuzi, mbege, picha ya ukoo mbele ya migomba. Ila mazungumzo ya watu wawili, yale ya “hivi kweli unaendeleaje?”, hayapati dakika kumi. Badala yake kuna maswali ya mizani: unaoa lini, umejenga wapi, mbona umekuja na basi. Kiswahili nacho kinatuchanganya kidogo, maana neno upweke hubeba raha ya kukaa peke yako na uchungu wake pia, ingawa tunayo faragha kwa ile ya kwanza na ukiwa kwa huo wa pili. Anayebaki Dar mara nyingi anatafuta faragha. Ukoo unasikia ukiwa, na unapata hofu yenye msingi.

Hoja ya ukoo isidharauliwe. Baada ya Krismasi, watu wakiwa bado wapo, ndipo familia nyingi hufanya kikao: mpaka wa shamba, ada ya mtoto wa marehemu, nani anamtunza bibi, kaburi lijengewe lini. Asiyekuwepo huamuliwa. Anaweza kupangiwa mchango asioumudu au kusahauliwa kwenye mgawo, na akilalamika Machi ataulizwa alikuwa wapi. Wazazi nao wanazeeka, na makaburi yamo ndani ya kihamba chenyewe, hatua chache kutoka mlangoni. Siku ya msiba wako watakaochimba ni hao hao uliowakwepa. Binamu za watoto wako wanafahamiana pale tu.

Hoja ya wanaobaki ina nguvu mahali pengine. Safari ni ghali: nauli ya kwenda na kurudi, mafuta ya kula, sukari, soda, khanga za shangazi, na bahasha ndogo ndogo zisizoisha. Mtu hutumia akiba ya miezi kwenda kukaa asikoonekana. Wapo wanaotakiwa kukaa meza moja na ndugu aliyewapiga au kuwadhulumu utotoni. Kwa hao sioni mjadala wowote, wasiende. Na wapo wakina mama wanaoamka saa kumi alfajiri kuandaa mtori na kumaliza vyombo saa sita usiku. Huwasikii wakisema wanapenda kukaa peke yao, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwapa nafasi ya kujaribu. Mwanamume akijitenga chini ya mparachichi na simu ataitwa mkimya. Mkewe akifanya hivyo kwa saa moja tu ataitwa mvivu.

Kwa anayekwenda, kinachosaidia zaidi ni kazi yenye jina. Mtu asiye na kazi ndiye anayeulizwa maswali. Omba mapema, kwa mwenye nyumba, kitu kinachochukua saa mbili au tatu kwa siku: kukata majani ya ng'ombe, kuwapeleka wazee kanisani na kuwarudisha, kusimamia moto wa kuchoma nyama, kwenda sokoni. Kazi ya nje ya uwanja ni bora kuliko ya katikati, kwani inakupa njia ya kutoka bila kuaga na ya kurudi bila kuelezea. Mpe kazi kama hiyo na mke mgeni, pamoja na binamu mmoja anayemtafsiria, nawe shika vyombo jioni moja.

Siku ziwe chache na zijulikane. Fika tarehe 23, kabla uwanja haujajaa, ili ukae na mama usiku mmoja wa utulivu. Anayefika tarehe 25 anakutana na umati tu. Taja siku ya kuondoka ukifika, ana kwa ana, kwa mkubwa wa nyumba. Ukiitaja siku hiyo hiyo ya kuondoka itasikika kama hasira. Kama kuna kikao, ondoka baada yake.

Kwa anayebaki, makosa ni yale yale kila mwaka. La kwanza ni kusingizia kazi: picha moja ya ufukweni kwenye WhatsApp, na shangazi mmoja Marangu anaiona kabla ya saa sita. La pili ni kutangaza kwenye kundi la ukoo, ambako kila mtu atalazimika kutoa maoni. La tatu ni kutuma fedha nyingi kuliko kawaida kama fidia. Mwaka unaofuata kiasi hicho kitakuwa ndicho kiwango chako. Mwambie mzazi au mkubwa mmoja, wiki tatu kabla, na umpe tarehe nyingine ya kwenda. Julai ni nzuri: baridi na mawingu, nyumba tupu, mzee ana muda wa kukuonyesha mipaka.

Mji nao uandaliwe. Jirani wengi huwa wamesafiri, na gengeni kunaweza kufungwa, hivyo nunua chakula cha siku nne kufikia tarehe 23. Siku ya kwanza huwa tamu. Ya tatu ndiyo kipimo: ukijikuta unatamani kumpigia mtu simu, faragha imefanya kazi yake, ukiona simu zinakukera, usingizi umeruka na chakula hakishuki, na hali hiyo ikaendelea wiki mbili, hapo si suala la sikukuu tena, nenda kituo cha afya.

Na simu ya Krismasi ipigwe asubuhi, kabla hawajaenda misa. Jioni itazungushwa uwanja mzima kwa watu ishirini wa “heri ya Krismasi, mbona hukuja”, na mama atarudishiwa simu salio lako likiwa limeisha.