Mafua makali ya ndege: muuguzi akae karibu au mbali?

Mgonjwa wa mafua makali ya ndege akishatengwa chumbani, huzuka ubishi: muuguzi aingie mara ngapi? Wapo wanaotaka amwangalie kupitia kioo, aingie kwa nadra. Hoja yao ina uzito. Tangu 2003, karibu nusu ya watu walioripotiwa duniani kuugua H5N1, kirusi cha mafua haya, wamefariki, na kunyonya makohozi kwenye mrija wa hewa kunaweza kurusha virusi. Hong Kong, baada ya mlipuko wa 1997 uliopata watu 18 na kuua 6, baadhi ya wahudumu wa wagonjwa hao walikutwa na kingamwili za kirusi hicho, ishara kwamba kiliwahi kuwaingia.

Ila hesabu hiyo humwacha nje mgonjwa mwenyewe. Utafiti wa hospitali, karibu zote za Ufaransa, uliochapishwa 2013 haukuhusu mafua ya ndege, bali mapafu yaliyoshindwa kazi, hali ileile inayowaua wagonjwa hawa. Waliobaki chali, karibu asilimia 33 walifariki ndani ya siku 28. Waliolazwa kifudifudi kwa vipindi virefu, asilimia 16. Nusu! Tena bila dawa mpya. Ila kumlaza hivyo kunataka mikono: mmoja anashika kichwa na mrija, wengine wanageuza mwili, mwingine analinda mipira ya dripu. Kisha saa 16 au zaidi za kukagua macho, mashavu na magoti yasitoke vidonda, kusafisha kinywa, kuhakikisha mrija hauzibi. Kupitia kioo, hayo yatafanywaje?

Mwaka 2024 huko British Columbia, Kanada, binti wa miaka 13 alinusurika. Sifa zilikwenda kwa dawa tatu za kupambana na virusi na mashine iliyoongeza oksijeni kwenye damu nje ya mwili. Zilistahili. Lakini mashine ya aina hiyo haiachwi peke yake: damu ikiganda ndani yake, au mrija ukichomoka, mgonjwa hana muda wa kusubiri mtu avae gauni.

Muuguzi alindwe kwa barakoa iliyopimwa usoni pake, miwani, chumba kinachovuta hewa nje, zamu fupi, na mwenzake wa kumsimamia anapovua, maana hapo ndipo uchovu humfanya ajishike uso. Hayo yana gharama. Kupunguza kuingia hakugharimu kitu, na nadhani ndiyo maana wasimamizi hukupenda. Kuchukua damu, kutoa dawa na kubadilisha shuka vifanywe kwa mkupuo mmoja, sawa. Kumgeuza na kunyonya makohozi kufuate hali ya mgonjwa, hata kama ni saa nane usiku.