Kisanamu Kilichovunjika: Kiungwe Kisionekane, au Kovu Libaki?

Kidole cha shahada hakipo kabisa, na cha kati kimebaki nusu. Mengine yote yapo: kofia yenye utepe, kikapu ubavuni, viatu vyenye bizimu ndogo zilizochorwa kwa brashi nyembamba kama sindano. Ni kisanamu cha kauri cha mchuuzi wa matunda, kimo chake hakifiki shubiri, na mkono wake wa kulia umenyooshwa mbele kama anayempa mteja kitu. Kiwiko cha mkono huohuo kilikuwa kimeachia, kinacheza. Nilikipeleka kwa fundi anayekarabati vyombo vya kauri. Akakigeuza mara mbili chini ya taa, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa kulijibu: "Hivi vidole vilikuwa vinashika nini?"

Sikujua. Na swali hilo limekaa katikati ya ugomvi wa siku nyingi wa wakusanyaji wa visanamu vya kale. Wako wanaosema kilichovunjika kiungwe, kijazwe, kipakwe rangi hadi jicho lisiweze kujua palipovunjika. Wako wanaosema ufa ni sehemu ya maisha ya kitu, na anayeufuta amefuta ushahidi. Nimewahi kuwa upande wa pili kwa ukali wa aliyeanza mchezo jana, nikahamia wa kwanza, na sasa nimesimama mahali ambapo pande zote mbili hunitazama kwa mashaka.

Nianze na wanaotaka kuunga, maana hoja yao hudharauliwa kuliko inavyostahili. Husemwa ni watu wa biashara, wanaotaka kitu kiuzike. Wamo wa namna hiyo. Lakini hoja yao bora haihusu bei, inahusu kisanamu ni kitu gani hasa.

Kauri ngumu nyeupe China iliijua karne nyingi kabla ya Ulaya kuipata. (Waitaliano waliiita kwa jina la lile kombe dogo la baharini linalong'aa, na Kiswahili, kwa njia yake, nacho kinatumia neno moja, kauri, kwa vyote viwili.) Huko Saxony, katika Ujerumani ya leo, siri yake ilipatikana mwaka 1708, katika maabara alimofungiwa Johann Friedrich Böttger, kijana aliyejinadi kwamba anaweza kutengeneza dhahabu. Aliyemfungia, Augustus, mtawala wa Saxony na mfalme wa Poland, alikuwa na uchu wa kauri usio na breki: mwaka 1717 alimpa mfalme wa Prussia askari wa farasi 600 akapewa vyombo 151 vya kauri ya China. Kiwanda cha Meissen kilikuwa kimeanza mwaka 1710. Mwaka 1731 akaingia mchongaji Johann Joachim Kändler, na mikononi mwake kisanamu kidogo cha kauri kikawa sanaa inayojitegemea.

Visanamu hivyo havikuanzia kabatini. Vilirithi kazi ya sanamu za sukari zilizopangwa mezani wakati wa vitamutamu kwenye karamu za wakubwa: wachungaji na makondoo yao, wachuuzi wa mitaani, wachekeshaji wa jukwaani kama Harlequin. Mgeni aliyeketi mbele yake alipaswa kuelewa mara moja nani anamtongoza nani na nani anamcheka nani. Yote hayo yamo katika mikono. Bakuli likimeguka ukingo linabaki bakuli. Harlequin akikatika mkono aliokuwa akimdhihakia mtu, hubaki mwanamume mwenye nguo za viraka vya rangirangi, amekaa vibaya. Kwa hiyo anayerudisha mkono anarudisha sentensi iliyokatwa katikati, na kusema "acha kovu liseme" hakusaidii kitu ikiwa kovu limemeza maneno ya mwenye kovu.

Kuna jambo lingine ambalo wapinzani wa ukarabati hupenda kulipita haraka. Kisanamu cha kauri tangu kuzaliwa kwake ni kitu kilichoungwa. Mchongaji akimaliza umbo la mfano, hukatwa vipande: kichwa peke yake, mikono peke yake, kiwiliwili peke yake. Kila kipande hutengenezewa kalibu yake. Udongo ukitoka kwenye kalibu, fundi mwingine huvishikanisha vipande kwa uji wa udongo uleule, akafuta mistari ya maungio, akaweka ua hapa na jani pale kwa mkono wake. Katika viwanda vya Uingereza vya karne ya 18 fundi huyu aliitwa kwa jina lenye maana ya "mkarabati", wakati kitu chenyewe hakijavunjika bado! Ndiyo maana visanamu viwili vya kalibu moja vinaweza kutofautiana kichwa kilivyoinama au kitu kilichoshikwa. Umbo moja kamilifu la asili, ambalo wengi wetu hulizungumzia kama vile lipo mahali limehifadhiwa, mara nyingi halikuwahi kuwapo.

Sasa upande wa pili. Ukiniuliza kwa nini nilikaa huko muda mrefu, nitakuonyesha shingo ya msichana mmoja mchunga kondoo.

Niliuziwa kama mzima, "hana ufa wala mmeguko". Mezani alikuwa mzuri kweli. Usiku nikazima taa nikammulika kwa tochi ya mwanga wa urujuanimno, ile ambayo kila mkusanyaji huishia kuwa nayo. Mwili ukabaki na rangi moja iliyotulia. Shingo, bega la kushoto na nusu ya kifua vikawaka weupe wa maziwa. Ilikuwa rangi mpya juu ya ile ya kiwandani. Nilimpeleka kwa fundi aiondoe kwa pamba na kiyeyushi, taratibu, eneo la ukubwa wa ukucha kwa wakati mmoja. Chini yake kulikuwa na nini? Ufa mmoja wa unywele, kuanzia sikioni hadi kwenye mkufu. Basi. Ili kuuficha ufa huo, mtu alikuwa amefunika mashavu, mkufu, bega na mashada matatu ya maua ambayo hayakuwa na kasoro yoyote.

Hapo ndipo hoja ya wanaokataa ukarabati ina meno. Rangi ya kiwandani iliingia tanurini ikashikana na lile tabaka la kioo linalofunika udongo. Rangi ya mkarabati hupakwa baridi. Kurudisha kauri ya kale tanurini ni kamari, kwa sababu nyufa zimekwisha kunywa unyevu na uchafu wa miaka mingi, na moto unaweza kuifanya iweusike au ipasuke zaidi. Kwa hiyo fundi hutumia rangi isiyochomwa, na rangi ya namna hiyo haipotei yenyewe pale inapokutana na ya zamani, lazima ififizwe polepole ili mpaka usionekane. Kila anayetaka kuficha zaidi hufunika zaidi. Miaka ikipita, gundi nyingi za epoksi na vanishi hugeuka manjano, wakati kauri iliyo jirani yake imebaki nyeupe kama siku ya kwanza. Unaishia na doa lililo kubwa kuliko jeraha.

Mafundi wa zamani kabla ya gundi hizi hawakuweza kudanganya hata kama walitaka. Walitoboa vitundu pande mbili za ufa kwa kekee yenye ncha ya almasi, bila kupenya hadi upande wa pili, wakapachika pini za waya zilizokunjwa kama zile za kubania karatasi. Zilibana kwelikweli. Katika karne ya 20 gundi za kisasa zilipopatikana, pini nyingi ziling'olewa kwa kuonekana mbaya, na leo wapo wakusanyaji wanaotafuta vyombo vyenye pini hizohizo. Pale Tokyo, katika Makumbusho ya Taifa, kuna bakuli la kijani la China la karne ya 13 lenye pini kubwa za chuma ubavuni. Inasimuliwa kwamba mtawala wa Japani, Ashikaga Yoshimasa, alilirudisha China baada ya kupasuka, akiomba jingine kama hilo. Likarudi lilelile, limepigwa pini, pamoja na jibu kwamba bakuli la namna ile haliwezi kupatikana tena. Wajapani wakalipa jina kutokana na pini zile, wakaziona kama mdudu mkubwa aliyetua.

Wapenzi wa kovu huishikilia sana habari hii, pamoja na ile ya kuunga vyombo kwa utomvu wa mti wa urushi na unga wa dhahabu. Nawaelewa. Ila yote ni mabakuli! Mistari ya dhahabu ubavuni mwa bakuli hufuata njia ya ufa kama mito kwenye ramani, na bakuli halina la kupoteza. Upitishe mstari huo kwenye uso wa msichana wa Meissen, kutoka jicho hadi kidevu, na umempa kisa ambacho mchongaji hakukiwaza. Nimekiona kisanamu kilichofanyiwa hivyo. Mtazamaji hakuona tena mchunga kondoo, aliona mtu aliyekatwa uso.

Suala la bei halihitaji maneno mengi. Kisanamu kizima kina bei yake, kilichokarabatiwa kina bei ya chini, na anayefaidika na kukarabati kwa siri ni yule anayeuza cha pili kwa bei ya cha kwanza. Kwa visanamu vya kawaida vya viwandani vilivyotolewa kwa wingi, gharama ya fundi mzuri mara nyingi hupita thamani ya kitu, na mjadala unaisha hapo, labda kama ni urithi wa bibi.

Linalonisumbua zaidi ni umbali mfupi ulioko kati ya kukarabati na kughushi. Edmé Samson wa Paris, ambaye kampuni yake ilianza mwaka 1845, aliingia kwenye kazi hii kwa kutengeneza vipande vya kujazia seti za meza zilizopungukiwa. Huduma ya heri kabisa. Kutoka hapo kampuni ikahamia kunakili visanamu vya Meissen, vya kiwanda cha Chelsea cha Uingereza na vya China, na ingawa ilikuwa na alama zake, nakala nyingi zimezunguka sokoni kama za asili. Ilidumu hadi mwaka 1969, na mpaka leo jina la Samson ni neno la kwanza kumtoka mtaalamu anayeshuku kitu. Fundi anayeweza kutengeneza mkono ambao hakuna atakayeugundua anaweza pia kutengeneza mwili mzima.

Ndiyo maana nasema pande hizi mbili zinabishana mahali pasipo na uzito mkubwa. Kama ufa uonekane au usionekane ni suala la macho ya mwenye kitu. Mimi nauliza mambo mawili: je, kazi hii inaweza kuondolewa kesho bila kukidhuru kitu, na je, atakayekuja baada yangu ataambiwa? Wahifadhi wa makumbusho wana kipimo chao cha zamani, futi sita na inchi sita: ukisimama umbali wa futi sita usilione ungio, ukisogea inchi sita ulione. Hutumia gundi zinazoyeyuka kwa asetoni, ili atakayekuja na ujuzi bora aweze kuanza upya. Msichana wangu asingekuwa na kosa lolote kwangu kama ufa wake ungeunganishwa kwa gundi hiyo na kupakwa rangi ndani ya mstari wa ufa tu, na muuzaji angefungua mdomo.

Mtu ataniambia kipimo hicho ni cha makumbusho, penye maabara na kumbukumbu, na kwamba kisanamu cha nyumbani kitapita mikono mitano kabla ya karne kwisha na kila maelezo yatapotea njiani. Ni kweli, na sina jibu lililokamilika. Hata tochi ile haiaminiki kama zamani, maana kuna vifaa vya ukarabati vya sasa ambavyo haviwaki kabisa. Hoja hiyo huniegemeza upande wa kovu kidogo. Ufa unaoonekana hauhitaji kikaratasi.

Tukirudi kwa mchuuzi. Niliwatafuta ndugu zake, visanamu vya kalibu ileile, katika picha za minada ya zamani. Nikawapata wawili. Mmoja ameshika tunda la mviringo. Wa pili vidole vyake vimefunguka, havina kitu, kana kwamba anadai pesa yake. Niliporudi na picha hizo fundi akacheka, akasema anaweza kunitengenezea yeyote nimtakaye kati ya hao wawili, nichague.

Kiwiko alikiunga, kwa sababu kilikuwa kikisagana na kupukutisha chengachenga kila kilipoguswa. Nilipokwenda kuchukua mzigo wangu, alikuwa ameandika kwenye kikaratasi kidogo na kukikunja ndani ya uwazi ulioko chini ya kitako: "Kiwiko cha kulia, gundi ya kuyeyuka kwa asetoni, rangi kwenye ufa tu. Vidole: havikuguswa."