Asilimia 12.7 ya Njombe inasema nini, na haisemi nini

Matokeo ya utafiti wa kitaifa wa VVU Tanzania wa mwaka 2022-2023, ule unaojulikana kwa kifupi cha THIS, yalipotangazwa Siku ya UKIMWI Duniani mwaka 2023, macho ya wengi yalikwenda kule yanakokwenda siku zote: Njombe, asilimia 12.7 ya watu wazima, ilhali wastani wa taifa ni asilimia 4.4 na Kigoma ni 1.7. Utafiti uliotangulia, wa 2016-2017, ulikuwa umeipa Njombe asilimia 11.4. Ndipo wasomaji wengi, na baadhi ya viongozi wetu majukwaani, walipohitimisha kwamba watu wa mkoa ule hawajabadilika, au hata wamezidi. Maoni yangu ni kwamba tarakimu hiyo haiwezi kubeba hitimisho hilo, na kwamba tumezoea kuuliza kuhusu VVU swali ambalo jibu lake linatusaidia kidogo mno.

Tarakimu hiyo ni ya ushamiri, na ushamiri ni sehemu ya watu wote walio hai ambao wana virusi, walioambukizwa jana na walioambukizwa miaka ishirini iliyopita. Mtu aliyepata virusi mwaka 2005, akaanza dawa za kufubaza VVU kwa wakati, na ambaye leo yuko shambani kwake Makambako akivuna viazi, yumo katika hiyo asilimia 12.7; kama angefariki mwaka 2008, angeishusha. Tulishangilia ushamiri uliposhuka kutoka asilimia 7 mwaka 2003-2004, Tanzania Bara pekee, hadi 5.1 mwaka 2011-2012, na ni wachache waliosema wazi kwamba sehemu ya kushuka huko ilikuwa ni misiba. Dawa za bure zilianza kutolewa nchini mwishoni mwa 2004 na zilichukua miaka kuwafikia watu wa vijijini. Baada ya dawa kuenea, ushamiri unaweza kusimama palepale au kupanda kidogo kwa sababu njema kabisa: watu wanaishi.

Tabia ya kuuamini ushamiri ina historia yake. Kwa miaka mingi hesabu ya VVU Afrika Mashariki ilitegemea damu ya wajawazito. Mama aliyefika kliniki kwa hudhurio la kwanza alitolewa damu ya kupimwa kaswende. Kipimo hicho kikiisha, damu iliyobaki iliondolewa jina na kila alama ya kumtambulisha mwenyewe, ikapimwa VVU, na jibu likaingia kwenye takwimu peke yake. Wakati ambapo hapakuwa na dawa ya kumpa mtu, utaratibu huo ulikuwa na watetezi wenye hoja. Dawa zilipofika, hoja hiyo iliishiwa nguvu, kwa maana maabara ilijua kwamba miongoni mwa wanawake wa kliniki fulani wamo wenye virusi, na hakuna aliyeweza kumrudia hata mmoja wao. Mimi ni katika wanaoona kwamba uliachwa kwa kuchelewa. Siku hizi nchi nyingi hutumia majibu ya vipimo ambavyo mama hupewa kwa ridhaa yake, chini ya huduma ya kuzuia maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto.

Mbali na suala la haki, damu ile ilikuwa na upotofu wa aina yake. Mjamzito ni mtu ambaye kwa kawaida amefanya ngono bila kondomu. Vituo vilivyochaguliwa vilikuwa zaidi mijini na kando ya barabara kuu. Na wanaume hawakuwamo kabisa. Kwa upande mwingine, VVU hupunguza uwezo wa kushika mimba, hivyo wanawake walioishi na virusi kwa muda mrefu walionekana kliniki wakiwa wachache kuliko walivyokuwa mitaani. Kenya ndiyo iliyoonyesha ukubwa wa kosa hilo. Makadirio ya mwishoni mwa 2001 yalisema karibu asilimia 15 ya watu wazima wana virusi. Utafiti wa kaya wa mwaka 2003, uliopima wanawake na wanaume majumbani mwao, ulipata asilimia 6.7. Novemba 2007 UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI, lilitangaza kwamba duniani kuna watu milioni 33.2 wenye VVU, ilhali mwaka mmoja kabla lilikuwa limetaja milioni 39.5. Hakuna aliyepona katika mwaka ule. Ni hesabu iliyosahihishwa, na India ndiyo iliyochangia sehemu kubwa zaidi ya masahihisho hayo.

Utafiti wa kaya nao una mapengo: wako wanaokataa kupimwa, na wako wasiokutwa nyumbani, kama madereva wa masafa marefu na wavuvi walioko kambini.

Wengine watasema tuhesabu maambukizi mapya basi. Ni kweli, hicho ndicho tunachotaka kukijua, ila kukipata ni kazi. Maabara hutazama jinsi kingamwili za mtu zinavyoshikamana na virusi, kwa kuwa katika miezi ya mwanzo mshikamano huo huwa hafifu; na kwa kuwa mtu aliye kwenye dawa anaweza kuonekana kana kwamba ameambukizwa karibuni, hupimwa pia wingi wa virusi na kama kuna dawa katika damu yake. Sasa tufanye hesabu. THIS ilikadiria maambukizi mapya kuwa asilimia 0.18 ya watu wazima kwa mwaka, yaani takribani watu 60,000 nchi nzima. Kipimo huona miezi kama minne hivi nyuma. Ukipima watu 30,000, utakaowakuta na maambukizi ya karibuni hawafiki ishirini, nao wametawanyika katika mikoa 31. Hakuna namna ya kutoa humo maambukizi mapya ya Njombe.

Kipo, hata hivyo, kipimo kinachopatikana na chenye maana zaidi, na sielewi kwa nini hakipewi ukurasa wa kwanza: ni watu wazima wangapi, katika kila mia, wana virusi ambavyo havijafubazwa, yaani havijashushwa na dawa hadi kiwango kidogo sana katika damu. Mwenye VVU aliyefubaza virusi hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono, hivyo maambukizi hutoka kwa waliobaki. Mkoa wenye ushamiri wa asilimia 12 ambako tisa katika kila kumi wamefubaza unabaki na asilimia 1.2, ilhali mkoa wa asilimia 4 ambako nusu hawajafubaza unabaki na asilimia 2, na ndio unaostahili kutushughulisha. Kitaifa, mwaka 2016-2017 ushamiri ulikuwa asilimia 5 na waliofubaza asilimia 52 ya wenye virusi, yaani karibu watu wazima 2.4 katika kila mia walikuwa na virusi visivyofubazwa. Mwaka 2022-2023 waliofubaza walifika asilimia 78, na hesabu hiyohiyo inatupa karibu mmoja katika kila mia. Makundi ya umri ya tafiti hizo mbili hayalingani sawasawa, lakini tofauti ni kubwa mno kufutwa na jambo hilo. Ushamiri ulituonyesha nchi iliyosogea hatua ndogo kutoka 5 hadi 4.4, na kumbe chanzo cha maambukizi kilipungua kwa zaidi ya nusu.

Tarakimu za tafiti hizo mbili zililipiwa kwa sehemu kubwa na fedha za Marekani kupitia PEPFAR, mpango wa nchi hiyo wa kukabili UKIMWI, na mwanzoni mwa 2025 tuliona jinsi fedha hizo zinavyoweza kusimama ghafla. Mpango wa tafiti za demografia na afya uliokuwa ukigharimiwa na USAID, shirika la misaada la Marekani, ulikatishwa mwezi Februari mwaka huo. Bajeti yetu ya 2025/26 ilileta tozo mpya ambazo sehemu ya mapato yake inaelekezwa kwenye Mfuko wa Udhamini wa Kudhibiti UKIMWI. Mjadala niliousikia umekuwa juu ya kununua dawa, na sina ubishi nao. Ninachodai ni kwamba fungu la mfuko huo litengwe kwa jina kwa ajili ya kuhesabu: kupima wingi wa virusi kwa wakati, kulipa wanaoingiza takwimu za CTC, kliniki za tiba na matunzo kwa wenye VVU, na kuvifanya vitabu vya MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) vya kliniki ya wajawazito, ambamo kipimo cha VVU na cha kaswende huandikwa kwa mama yuleyule, visomwe pamoja na kutangazwa kwa kila halmashauri kila mwaka, bila kusubiri utafiti mwingine wa kaya.