Ngai-ngai ya Mama Mkwe

Ngai-ngai ni mboga yetu chachu. Ipo ya majani mapana, hiyo haina maneno. Ipo nyingine inayorefuka kumpita mtu, majani yake ya juu yamechanika vidole vitano, saba, na kingo zina meno meno. Wataalamu wa mimea wenyewe waliiandika Hibiscus cannabinus, kwa hiyo msinicheke mimi mtu wa Katuba, hapa Lubumbashi. Mbegu zake aliniletea mama mkwe, na mbegu za mama mkwe hazikataliwi. Unapokea kwa mikono miwili, unapanda, unasema asante.

Mvua za Novemba zilipoanza, mke wangu akazipanda nyuma ya nyumba, upande wa mwembe. Udongo mwekundu wa Lubumbashi ukishiba maji hauna uchoyo. Kufika Februari ngai-ngai ilikuwa imepita ukuta wa lupango, yaani kiwanja chetu, inachungulia barabara.

Hapo ndipo heshima yangu ilipopanda mtaani. Vijana wa pale kona, ambao zamani hawakunisogezea hata benchi, wakaanza kusimama nikipita. "Mkubwa! Tuko pamoja, mkubwa!" Nikadhani ni mvi. Siku moja mmoja wao akanifuata hadi mlangoni, akaninong'oneza: "Baba, ile mali itakuwa tayari lini?" Nikamjibu kwa fahari kwamba mke wangu anachuma kila Jumamosi, tunaila na bukari, ugali wetu, na ndagala, na watoto ndio wanaoipenda zaidi.

Akashika kichwa. "Hata watoto?"

"Mdogo kabisa anaomba aongezewe."

Wakati huohuo shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, naye akabadilika. Kijana huyu tangu ahamie kwetu hajabeba ndoo. Sasa anaamka kabla ya jogoo, anapalilia, anatia mavi ya kuku, anamwagilia hata asubuhi ya mvua. Mke wangu alisimama kanisani akatoa ushuhuda. Watu wakapiga vigelegele.

Jumapili ile ya ushuhuda ndiyo shefu wa mtaa aliyokuja. Mimi nilikuwa nimerudi ibadani na sandali, kwa sababu viatu vyangu vyeusi vilikuwa havionekani, kwa hiyo hata hasira nilikuwa nayo tayari. Lango likagongwa, akaingia shefu na wanaume wawili wenye sare. Hawakukaa. Shefu alinipa pole kwanza, jambo lililonitisha kuliko zile sare.

"Baba, bangi ndani ya mji? Juu ya ukuta?" Nikalikumbuka lile jina la wataalamu: cannabinus, yaani inayofanana na bangi.

Kabla sijafungua mdomo, jirani yangu, mzee wa Kasai, alikuwa ameshatokeza kichwa upande wa pili. Huyu mzee haitwi; hufika. "Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyetutawala, alishaikataza tangu 1903," akasema, "lakini hiyo mnayoitazama siyo." Akazunguka, akaingia kwa lango, akaanza kutufundisha. "Mimi ni mtu wa Lulua, kwetu inaitwa diamba. Wazungu wale, Wissmann na Pogge, walipofika mwaka 1881, walimkuta chifu wetu Kalamba Mukenge na watu wake wanajiita Bena Diamba, watu wa diamba. Wanavuta pamoja, wanasalimiana 'moyo'. Mtu akikosa, adhabu yake ni kuvutishwa mpaka azimie."

Mwenye sare mmoja akauliza, "Na hiyo ndiyo adhabu?"

Mzee akamwambia anyamaze. Akachuma jani, akaliinua kwenye jua mbele ya pua ya shefu. Jani la diamba, akaeleza, kila kidole kimejitenga mpaka pale kinapokutana na kikonyo. Hili ni jani moja tu lililochanika, vidole vimeungana chini. "Na kama huamini macho, tafuna."

Shefu akatafuna. Jicho la kushoto likajifunga lenyewe, shingo ikakakamaa, mate yakamjaa. Hakuna kitu duniani kichachu namna ile isipokuwa ngai-ngai. Wale wawili nao wakaonja, kwa ajili ya ushahidi. Tukabaki pale watu wazima tumekunja nyuso, tukacheka, nikaagiza viti.

Mama mkwe, ambaye alikuwa amekuja kututembelea, akaona wageni hawawezi kuondoka mikono mitupu. Akaingia katikati ya majani kuwachumia kila mmoja fungu lake, akionja njiani kama ilivyo desturi ya wapishi. Mara sauti yake ikatoka kule kwenye pembe, chini ya mwembe:

"Huu mmoja mbona hauna uchachu? Na unanuka!"

Viti vikanyamaza.

Mzee akaenda mwenyewe. Akashika kilele cha mti, akakipanua kwa vidole viwili. Vijichipukizi vya kijani hafifu vilining'inia kwa vishada, akavigusa, vumbi la manjano likamwagika kiganjani. "Hii ndiyo yenyewe," akasema, nami nikaona gereza. Kisha akaanza kucheka mpaka akajishika kwenye ukuta. "Lakini jamani! Diamba ina mti wa jike na mti wa dume. Kinachotafutwa ni maua ya jike. Huyu aliyepanda amelea dume! Kazi yake ni kumwaga vumbi, basi."

"Dume?" sauti ikalia kutoka juu ya mwembe. "Na mavi ya kuku yote yale?"

Tukainua macho. Shefu akatema jani lake. Mama mkwe akamwita mwanawe kwa jina la ubatizo, jina ambalo katika familia ile hutumika siku za hatari tu, akamwambia ashuke.

Mimi nilikuwa natazama miguu yake.

"Na hivyo," nikasema, "si viatu vyangu vya kanisani?"